Mlango wa shaba, Kalubwe: tulipofikia

6/7/2024, siku ya posho (Jumamosi)

Nyumba imeezekwa, madirisha yana vioo, plafo (dari) ya ndani imekwisha hata rangi ya kwanza imepakwa, lakini pale mbele bado tunafunga na mbao za kofraje (za kumwagia zege) zilizogongwa pamoja na misumari, usiku tunasukuma pipa la maji nyuma yake. Kuku wa jirani ameshaingia mara mbili. Baba watoto anasema nunua mlango wowote tulale, mimi nasema hapana, milango ya vyumba iwe hata ya tripleksi (plaiwudi) sina neno, ila huu wa barabarani nauchagua mwenyewe.

Na sio majivuno tu. Huku kwetu Kalubwe, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, ukimwelekeza mtu unamwambia pita transfo ya umeme, geuza kwenye duka la unga, nyumba ya ine (nne), geti la bluu, na mageti ya bluu kwenye avenyu yetu yako saba nimeyahesabu. Lupango letu, yaani kiwanja, geti halina bado, kuna ukuta mfupi wa matofali tu, mpita njia anaona mlango moja kwa moja. Kwa hiyo mlango ndio adresi.

Leo nimepima. Fundi wa kujenga alinihakikishia tundu ni mita moja kwa mbili na kumi. Nikapima juu, 101. Katikati 99 na nusu. Chini 98! Halafu nikavuta kamba pembe mpaka pembe, upande mmoja umezidi mwingine kwa sentimita mbili nzima, tundu limeegama kama mtu anayesubiri basi tangu asubuhi. Nimeandika namba zote kwenye karatasi ya kalenda maana najua mtu wa kwanza nitakayemwambia "mita moja kwa mbili na kumi" atatengeneza mita moja kwa mbili na kumi.

14/7, siku ya yenga (Jumapili)

Baada ya misa nilimchukua yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, tukatembea mpaka mtaa wa Golf tukiangalia milango ya watu, tunasimama, tunanyoosha vidole, mlinzi mmoja akatuuliza kama tumepotea. Milango 26 tuliyoiona vizuri, 19 ni ile ya Kichina ya chuma, rangi ya kahawia inayojifanya mbao, maua yaliyobonyezwa, kishikio cha dhahabu. Yaya anaipenda. "Iko na vyuma byenye kuingia mu ukuta juu, chini na pembeni, mwizi atapitia wapi?" Na hilo ni kweli, kufunga inafunga. Ila jirani yetu wake uligongwa na gari ya kuleta mchanga, bati likafunuka pembeni, na ndani yake tuliona nini, karatasi ngumu iliyokunjwa kama nyumba ya nyuki. Tangu siku ile kila nikiugonga nasikia karatasi.

Ile ya vioo na alimini ni mizuri kwa ofisi. Mimi niko na watoto watatu na mpira.

Kilichonishika moyo ni nyumba za zamani pale mjini, zile za wakati mji ukiitwa Élisabethville, kabla ya 1966. Mlango wa mbao nzito, kadirisha kadogo cha kioo katikati na chuma kilichopindwa mbele yake, umepakwa rangi mara ishirini mpaka kona zimekuwa duara. Yaya akasema hizo ni kazi za watu waliokuwa na wakati. Nikamwambia tuko na wakati, tuna pipa la maji.

Halafu usiku ndio wazo likaja. Mimi nafundisha, na mwaka jana nilipeleka darasa kwenye myuze (makumbusho) wakasimama mbele ya misalaba ya shaba, ile krwazeti, miguu minne kama herufi X iliyonona. Mababu walikuwa wanaiyeyusha kwenye tanuru za udongo na kuimwaga kwenye kalibu, ikawa pesa, ikalipiwa mahari, ikazikwa na watu. Makaburi ya Sanga, kule kwenye maziwa ya Upemba, yalifukuliwa mwaka 1957 na misalaba ilikutwa juu ya mifupa, mingine kifuani, mingine mkononi. Wanafunzi waliniuliza kilo moja ingelipwa ngapi leo. Mkoa wetu mzima wa zamani, Katanga, uliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, na mimi mtoto wa hapa ninunue mlango wenye maua ya Guangzhou?

27/7, siku ya posho

Mbao. Nilikwenda kwa papa seremala mmoja upande wa Kenya, komini ya hapahapa mjini, mzee, anaongea polepole, kila mbao anaiweka shavuni kabla ya kusema bei. Nikafikiri ni maringo, kumbe anasikiliza baridi. Ile yenye maji ndani inakuwa baridi kwenye ngozi, iliyokauka haina hali. Alinipa mbili nijaribu na kweli, moja ilikuwa kama chupa iliyotoka kwenye frigo.

"Hii bado inakunywa mayi, mama. Nikikutengenezea nayo leo, mu mwezi ya kumi na mbili utakuya kunitukana."

Nilikuwa nimejipanga kuomba mbao ya mti wa mukula kwa sababu ya ile rangi yake nyekundu, akanikatalia kwa upole, akasema mukula umeleta maneno mengi, watu waliukata usiku na mchana kupeleka China mpaka umekuwa shida kupata. Ni kweli, toka 2019 ule mti uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuuvusha mpaka kunataka karatasi. Akanipa ndugu yake, mulombwa. Wazambia wanauita mukwa, ndugu zetu wa Tanzania wanauita mninga, ni mti huohuo. Ukiukata mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, na sifa yake kubwa kwa mlango ni kwamba ukishakauka hautembei sana, mvua ije, kiangazi kije, unajitanua kidogo tu. Mchwa nao hawaupendi ule moyo wa ndani. Ile sehemu nyeupe ya pembeni wanaipenda sana, kwa hiyo nimesema mbele ya shahidi, baba watoto, kwamba nyeupe sitaki hata kidole. Na huku mchwa sio hadithi, vichuguu vyetu vinazidi nyumba, matofali yetu yenyewe yamefinyangwa kwa udongo wa kichuguu.

Mbao zimelazwa kwake mwaka na miezi, zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite. Dola 130 zote. Kazi yake 150. Nikampa ile karatasi ya kalenda, akaisoma, akacheka peke yake, akasema fremu ndio itatengenezwa kwa ukuta, mlango wenyewe utakuwa mraba, uongo wa fundi wa kujenga tutauficha nyuma ya plati, ule ubao wa kufunika ukingo. Unene wa mlango sentimita nne na nusu, mbao za kulalia zinapita ndani ya mbao za pembeni na kubanwa na kabari, na zile pano (paneli) za katikati hazipakwi gundi hata tone, zinakaa kwenye mfereji wake zikicheza. Ukizigandisha zinapasuka, mbao ikitaka kupumua na haina nafasi inajipasua yenyewe.

10/8, siku ya posho

Leo shaba, siku niliyoifurahia kuliko zote.

Fundi ni kijana, anafanyia kazi nyuma ya nyumba ya wazazi wake, amezoea kutengeneza sahani za ukutani zile zenye mwanamke anayetwanga na mamba na ramani ya Kongo, mlango hajawahi. Nilitaka mwanzoni mlango mzima uvikwe shaba. Tukapiga hesabu kwa bati la nusu milimita na ushee, sifuri nukta sita, mlango mzima ni zaidi ya kilo 11, bei ikanifanya nikae. Tukashuka kwenye pano moja la katikati, sentimita 40 kwa 160, kilo tatu na nusu hivi. Dola 160 na kazi ndani. Na kusema kweli hivi ni vizuri zaidi, mbao inaonekana pande zote na shaba iko katikati kama tai ya shingoni.

Nilikaa kwenye mtungi niliougeuza nikamwangalia. Amemimina gudroo (lami) kwenye kasha la mbao, ikapoa, akalaza bati juu yake, gudroo inashika chini lakini inakubali kubonyea, ndio maana mchoro unapanda bila bati kutoboka. Patasi zake zote ni vyuma vya zamani alivyosugua mdomo ukawa butu. Tak tak tak, dakika kumi hivi, kisha anasimama anapitisha kidole gumba, anatikisa kichwa, anaondoa bati, analitia kwenye makala (makaa) na feni ya mkono mpaka linawaka wekundu wa giza, na hapo hapo analichovya kwenye beseni. Pshhh! Nikaruka. Nikamwambia mbona chuma ukikichovya hivyo kinazidi ugumu?

"Chuma ndiyo. Shaba hapana. Shaba inachokaka, mama. Unaipiga, inakuwa nguvu, ukiendelea inapasuka. Inabidi uipe moto ipumuzike, ikitoka mu mayi iko laini sawa ngozi."

Mara tano kabla sijaondoka. Mara ya tatu alinipa niishike ile kona, nikaipinda na vidole viwili bila nguvu, halafu akapiga nyundo kama hamsini hivi palepale akanipa tena, haikupinda kabisa.

Mchoro tumekubaliana: misalaba mitatu, mkubwa juu, mdogo chini. Niliipenda maana kule Sanga misalaba ilianza mikubwa, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa midogo na ya kufanana, ndio pesa inavyokuwa.

25/8, siku ya yenga

Misalaba mitatu imekufa.

Mjomba wa baba watoto alikuja kula bukari (ugali), nikamwonyesha mchoro kwenye simu, akaweka tonge chini. "Mitatu? Unajua benye kuwa na misalaba mitatu ni nani?" Na mimi mwalimu nikajisikia mjinga, maana najua. Bendera ya Katanga ya 1960, ile ya Tshombe aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo, nyekundu na nyeupe na mstari wa kijani na misalaba mitatu ya rangi ya shaba kwenye kona. Kila mtu wa hapa wa umri wake anaiona akifumba macho. Mjomba alikuwa mtoto wakati ule wa kujitenga ulipokwisha, Januari 1963, anakumbuka alivyofichwa chini ya kitanda. Mimi nataka mlango, sitaki mtu asimame barabarani kutafuta maana yake. Nimempigia kijana, bahati alikuwa amemaliza ule mkubwa tu. Basi ni mmoja, mkubwa, katikati, na juu na chini yake atapiga mistari ya kama kikapu.

Tulidhani yamekwisha, mama mkwe naye akapanguza mikono.

"Mwanangu, unatundika feza ku mulango kisha unaenda kulala?"

Hapo kila mtu akanyamaza, maana nyaya za shaba zinaibiwa mji huu mpaka za chini ya ardhi, wanunuzi wa mitraye (vyuma chakavu) hawaulizi, na kweli shaba yangu iko nje usiku kucha. Nikajitetea kwamba kilo tatu na nusu za bati lililopigwapigwa haziwezi kumpa mwizi kitu cha maana, na kwamba mwenye kuliondoa atapiga kelele za kuamsha avenyu. Mama mkwe akasema mwizi hana mizani, akiona inang'aa anavunja kwanza, bei ataijua mbele. Yuko sawa. Kwa hiyo tumebadilisha mambo mawili: ukingo wa bati utaingia ndani ya mfereji wa mbao pande zote nne, kulitoa ni lazima upasue mlango wenyewe, na hatutalisugua ling'ae. Tutaliacha lifanye kahawia, kisha jeusi, kijani kitakuja miaka ya mbele kama kitapenda. Hiyo ya pili inaniuma kidogo, nilitaka kila Krismasi kusugua na ndimu na chumvi kama sahani za mama yangu.

21/9, siku ya posho

Mlango umeunganishwa. Umekaa kwenye farasi wa mbao pale Kenya na watu wanasimama. Papa seremala anajifanya hawaoni.

Jambo moja la kukumbuka kwa mwenye kutaka kufanya kama mimi: jua. Mlango wetu unatazama mashariki, asubuhi bati litawaka, na shaba ikipata moto inarefuka, kwa urefu wa mita moja na sitini ni karibu milimita moja kati ya baridi ya mwezi wa saba na jua la mwezi wa kumi. Ukiligonga misumari likabana, litavimba katikati kama shavu la mwenye jino. Kwa hiyo ndani ya mfereji limeachiwa nafasi, na kule katikati misumari ya urembo imepita kwenye matundu marefu kidogo kuliko msumari. Misumari ya urembo tumenunua ile yenye kichwa cha duara, paketi mbili. Kitasa 45, bawaba nne 18 maana mzigo huu unakaribia kilo 50, vernisi 15. Mlango wa Kichina ungekuwa 280 na kuletwa mpaka nyumbani, baba watoto amenikumbusha bila kuulizwa.

12/10, siku ya posho

Umesimama. Wanaume wanne na bibi mmoja wa kutoa amri. Papa seremala aliacha milimita ine pande zote, nikamwambia mwanga unapita, akasema ngojea mvua.

Usiku tuliweka pipa la maji nje. Nilifungua na kufunga labda mara kumi na tano. Unafunga na sauti ya chini, mm, sio kishindo.

17/11, siku ya yenga

Wiki mbili zilizopita, mvua ya tatu kubwa ilipopita, mwanangu mdogo aliniita asubuhi. "Mama, mulango yetu inatoka makamasi."

Na ni makamasi kweli. Chini ya kila msumari wa urembo kuna mstari wa rangi ya kutu unateremka juu ya shaba, misumari 32, mistari 32. Nilikuwa nimeuliza dukani kama ni ya shaba wakasema ndiyo mama ni ya shaba kabisa. Nimechukua sumaku ya mlango wa frigo nikaigusisha, tap, imeshika. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu! Na chuma kikigusana na shaba na maji yakaingia katikati inakuwa kama batri ndogo, na katika hiyo batri anayeliwa ni chuma, analiwa haraka kuliko angekuwa peke yake. Nafundisha hiki kitu. Darasa la tano, na vyombo na mchoro ubaoni. Sumaku ilikuwa jikoni tangu mwezi wa 9 na sikuitoa.

Kijana wa shaba amekuja jioni na koleo, ameng'oa yote, kumi imekatika vichwa ikabidi atoboe. Akaniambia anaweza kunitengenezea misumari ya waya mnene wa shaba, nikamuuliza waya umetoka wapi, akacheka, nikasema hapana. Tumeweka visi (skrubu) vya letoni, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, dola 12, na hivyo nimevipima na sumaku mmoja mmoja pale dukani mwenye duka akinitazama vibaya. Mistari imetoka kwa ndimu na chumvi. Kwa hiyo nimesugua hata hivyo, na kwa wiki mbili mlango umeng'aa, na mama mkwe amelala hapa siku hizo zote bila kusema sababu.

11/1/2025, siku ya posho

Mvua inanyesha kila siku. Upande wa kitasa mlango umeanza kusugua fremu, juu tu, mahali pa urefu wa kiganja. Papa seremala alikuja na randa yake kwenye mfuko wa plastiki, akapitisha karatasi ya daftari kati ya mlango na fremu kutoka chini kwenda juu, ilipokwama akaweka alama ya kalamu, akaondoa unyoya mbili tatu za mbao nyembamba mpaka unaona mkono ukiziweka mbele ya taa. Basi. Akasema zile milimita ine zilikuwa za leo. Hakutaka pesa, amekula sombe (kisamvu) na samaki.

Jumla dola 530 mpaka sasa, nimejumlisha mara mbili nikitumaini nimekosea.

Shaba imeshakuwa kahawia ya chai bila maziwa, katikati ya msalaba kuna sehemu nyeusi zaidi mahali watoto wanapogusa wakiingia. Mwenye kuleta makala sasa haulizi tena transfo wala duka la unga, anasema "kwa msalaba". Lakini yenga iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, niko na kanga na mswaki mdomoni, mama mmoja amesimama barazani na Biblia na watoto wawili waliovaa soksi nyeupe, ananiuliza ibada inaanza saa ngapi. Nimemwambia hapa ni nyumba ya watu, mama. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akasema basi tutangoja.

Kinachobaki ni kengele. Wageni wamegundua kwamba shaba ikigongwa na funguo inalia vizuri, na mguu mmoja wa msalaba umeshaanza kuwa na vidoti. Nimemwomba kijana anitengenezee kigongeo. Amesema atakuja posho.